Simu ya Saa Kumi

Kiatu kilimkatikia Warigia katikati ya soko la Kariokor, Jumamosi saa sita mchana, watu wamejaa mpaka bega linaomba njia kwa bega. Kilikuwa kiatu cha soli nene, rangi ya maziwa, alichonunua makusudi akivae na gauni lake la samawati lenye marinda. Sasa mwone: msichana wa miaka ishirini na tatu, mwalimu wa taipu, mwenye heshima zake, amesimama kwa mguu mmoja mbele ya mafundi wa viatu vya akala, vile vya mpira wa tairi, na mafundi wanamcheka bila aibu.

"Dada, tupa hicho, tukukatie akala," mmoja alimwambia. "Hizi utazikwa nazo."

"Nizikwe na akala, mimi?"

"Kwani wewe wa kwanza?"

Warigia alitafuta pa kukaa. Pembeni ya benchi la fundi kulikuwa na katoni iliyofungwa kwa kamba. Akaikalia. Katoni ikabonyea, na mwanaume mmoja akapiga kelele nyuma yake.

"Inuka! Haki ya Mungu, inuka, umewakalia!"

"Nimewakalia akina nani?"

Mwanaume alipiga magoti hapo chini na suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, akafungua kamba kwa meno. Mle ndani mlikuwa na viwavi weupe, wanene, mia na zaidi, juu ya majani mabichi. Wawili walikuwa wamepondeka. Mmoja alikuwa ameshatoka, yuko juu ya rinda la Warigia, anapanda polepole kuelekea kiunoni.

Wanawake wa sokoni walipiga mayowe. Warigia hakupiga. Alikitazama kile kiwavi, kisha akamtazama mwenye katoni.

"Huyu wako anataka nini kwangu?"

"Amependa gauni. Ni kiwavi wa hariri. Yeye mwenyewe siku moja atakuwa gauni."

"Hili ni nailoni tu."

"Msamehe, hajui kuchagua," alisema yule mwanaume, akamtoa kwa vidole viwili, taratibu kabisa. "Lakini mimi najua."

Aa, maneno hayo! Mafundi walipiga makofi. Warigia alijifanya hakusikia, lakini alipofika nyumbani Jericho jioni ile, amevaa akala mpya chini ya gauni la marinda, mamake alimuuliza mara tatu anachekea nini.

Jina la yule mwanaume lilikuwa Wasike. Kwao ni Bungoma, kwa Wabukusu, ila alizaliwa na kukulia Makongeni, baba yake akifanya kazi ya zamu kiwandani. Alikuwa amesoma kilimo, na kazi yake ilikuwa kulisha viwavi katika kituo kimoja kidogo cha hariri upande wa Thika. Kila Jumamosi alishuka Kariokor, akapanda ngazi hadi chuo cha taipu cha Madam Phelister, alikofundisha Warigia, orofa ya pili juu ya duka la ngozi, akasimama mlangoni mpaka wanafunzi waanze kukosea herufi kwa kumwangalia. Mamake Warigia, Mkikuyu, hakufurahi. Alisema Wabukusu ni watu wazuri, wacha wabaki kwao. Warigia naye alinyamaza, akaendelea kupenda.

Mwaka wa pili wa mapenzi yao, barua ikaja. Vyuo vikuu viwili, kimoja cha Japan na kimoja cha China, vilikuwa vimekubaliana kusomesha pamoja wanafunzi wa shahada ya uzamili katika elimu ya hariri. Muhula wa kwanza Japan, mwaka mzima unaofuata China, na tasnifu moja yenye mihuri miwili, wa profesa wa huku na wa profesa wa kule. Walichukua Wajapani watano, Wachina watano, na wageni wawili. Mgeni mmoja alitoka Thailand. Wa pili alitoka Makongeni.

"Basi nenda," Warigia alimwambia, akimtengeneza kola ya shati ambayo haikuwa na kasoro. "Ukinipatia dada wa Kijapani nitakuja kukaa kwa katoni zako zote."

Akaondoka mwezi wa tatu, elfu moja mia tisa themanini na nne, mwaka ule wa ukame na unga wa manjano.

Mpango wao wa simu ulikuwa rahisi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Wasike alikuwa na zamu ya kulinda viwavi, na nje ya chumba cha viwavi kulikuwa na simu. Angepiga saa nne usiku, saa za kule, nayo Nairobi ingekuwa saa kumi alasiri. Jumamosi chuo kilifungwa saa saba, lakini Madam Phelister, aliyekuwa na moyo laini chini ya sauti ya askari jela, alimwachia Warigia ufunguo. Simu ilikuwa nyeusi, nzito, juu ya meza ya Madam, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Dakika zilikuwa chache na maneno mengi, kwa hiyo Warigia alifanya kama alivyofundisha. Aliweka daftari mezani na kuandika kila alichosema Wasike kwa shothandi, ile mikwaju midogo midogo ya masekretari. Ya kwake mwenyewe hakuyaandika. Akishafika nyumbani anasoma tena, mstari kwa mstari, mpaka mwezi uishe.

Zilikuja simu tano kutoka Japan. Ya kwanza, Wasike alilalamika baridi. Ya pili, Warigia alisikia kitu kama manyunyu juu ya bati.

"Huko kunanyesha?"

"Si mvua, mpenzi. Ni viwavi wanakula. Elfu kumi na mbili, kwa pamoja. Sikiliza."

Akasogeza mkono wa simu mlangoni, na Warigia akasikiliza wadudu wakitafuna Asia ilhali nje ya dirisha lake mafundi wanagonga akala.

Ya tatu ilimchekesha mpaka akashika mbavu. "Unajua kwa nini vyuo hivi vimeungana?" Wasike alimwambia. "Kiwavi wa Japan akizaa na kiwavi wa China, watoto wao wanatoa uzi bora kuliko wazazi wote wawili. Mwambie mama yako hivyo. Mbukusu na Mkikuyu, tutoe uzi." Ya nne ilikuwa ya maprofesa. Ya tano, mwezi wa nane, ndiyo iliyomkosesha usingizi. Wasike alikuwa ameanza kuongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, akasema, "Warigia wangu, nikirudi nataka nikuulize..." na laini ikakatika. Warigia alikaa hapo mpaka magharibi. Haikuita tena. Katika daftari aliacha ukurasa mtupu kwa ajili ya hayo maneno yaliyobaki.

Kwenye barua hakumuuliza. Yeye ni mtu wa Jericho, hamshiki mwanaume shati amalizie sentensi.

Mwezi wa tisa Wasike alikuwa amehamia China. Warigia hakupata barua yenye anwani mpya, akaendelea kuandika kwa ile ya Japan akiamini watamfikishia. Jumamosi ya kwanza, saa kumi kamili, simu iliita. Alikuwa Wasike, analalamika baridi. Moyo ukatulia, akaandika. Mwezi wa kumi ikaita tena, na nyuma ya sauti kulikuwa na manyunyu yale yale.

"Viwavi wa China nao wanakula hivyo?" aliuliza.

"Elfu kumi na mbili, kwa pamoja," alisema Wasike. "Sikiliza."

Warigia alisikiliza. Mkono wa simu ulikuwa baridi siku hiyo, baridi ya chuma kilicholala nje, akauhamisha kutoka sikio hili hadi lile. Hakufikiria zaidi. Mtu akipenda anapokea anachopewa.

Mwezi wa kumi na moja alikaa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Saa kumi, simu, na manyunyu yale yale nyuma ya sauti.

"Unajua kwa nini vyuo hivi vimeungana?" Wasike alianza.

"Hiyo si ulishaniambia?"

"Kiwavi wa Japan akizaa na kiwavi wa China," aliendelea, kama mtu ambaye hakukatizwa, "watoto wao wanatoa uzi bora kuliko wazazi wote wawili. Mwambie mama yako hivyo. Mbukusu na Mkikuyu, tutoe uzi."

Warigia hakucheka. Alikuwa amekunja uso, kalamu hewani.

"Unacheka!" sauti ikasema kwa furaha. "Nimekusikia. Utavunjika mbavu, bana."

"Wasike, mimi sicheki."

"Cheka tu. Nakipenda hicho kicheko."

Simu ilipokwisha alifungua daftari kurasa za nyuma, mwezi wa sita. Mkwaju kwa mkwaju, nukta kwa nukta, yalikuwa yale yale aliyoandika leo. *Unacheka. Nimekusikia.* Akarudi mwezi wa kumi, akaulinganisha na wa tano. Wa tisa na wa nne. Hakuna neno lililozidi, hakuna lililopungua. Hata pale alipojikohoza, alijikohoza palepale.

Alibaki na mitihani yake mpaka saa kumi na mbili kwa sababu miguu ilikataa kuinuka. Simu haikuita tena. Chini mtaani redio zilikuwa zinaimba na watu wananunua mikanda, na yeye yuko juu na kitu kile cheusi chini ya kitambaa, anaogopa kukipa mgongo.

Kezia, mwalimu mwenzake na rafiki yake, ndiye aliyeambiwa. "Mwanaume aliye mbali anakosa ya kusema," Kezia alimtuliza. "Anarudia ya zamani. Wangu yuko hapa Kaloleni na bado anarudia."

Warigia alitamani iwe hivyo.

Sasa, wewe unayesoma utasema: msichana wa watu angekimbia, asiiguse simu ile tena. Hujapenda. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili alikuwa pale saa tisa na nusu, amepaka wanja, amevaa lile gauni la samawati. Alifungua daftari kwenye mwezi wa saba, akalilaza karibu na simu. Ilipoita alipokea bila kusema haloo.

"Warigia wangu," ilisema sauti, na kidole chake kilikuwa kwenye mkwaju wa *Warigia wangu*. "Leo alikuja mgeni kutoka China, Profesa Shen, yule atakayenipokea." Kidole kikateleza. "Yeye na Profesa Kuwabara walipokutana waliinamiana kwa muda mrefu sana. Nchi zao zilipigana, na Kezia wako akiwa hapa angewauliza. Lakini hawa wanaongea habari za viwavi tu." Kidole kilifika mwisho wa mstari, kikashuka. "Wamekaa mchana kutwa wanahesabu vifukofuko vya hariri, wazee wawili, na hakuna aliyeinua macho. Nikaona woga, mpenzi. Nikaona kuna vitu watu wasipovisema wakati wake, vinabaki hapo chumbani vinakaa na wewe."

Sauti ikanyamaza kwa muda ule ambao Warigia wa mwezi wa saba alikuwa amejibu kitu. Warigia wa leo hakukumbuka alijibu nini. Alifumba macho tu.

"Ndiyo maana nakupenda," sauti ilijibu ule ukimya.

Machozi yalimtoka, na wanja ukaharibika. Alijua kabisa kwamba hakuongea na mtu. Alijua pia kwamba mwezi ujao ni zamu ya simu ya tano, ile iliyokatika, na moyoni mwake kiroho kidogo chenye tamaa kilikuwa kimeshaanza kuhesabu siku. Labda safari hii isikatike. Labda ule ukurasa mtupu ujazwe.

Krismasi ilipita. Jumamosi tarehe tano Januari, asubuhi, Madam Phelister alifungua sanduku la posta ambalo halikuguswa tangu chuo kifungwe. Akamkabidhi Warigia bahasha nyembamba yenye stempu za China. Warigia aliisomea ngazini, amesimama.

*Warigia,* Wasike aliandika, na hakukuwa na mpenzi wala wangu. *Mwezi wa tisa nilikuandikia kwamba saa za China ziko nyuma ya Japan kwa saa moja, kwa hiyo nikipiga saa nne usiku kama kawaida, kwenu ni saa kumi na moja. Sijui kama uliipata. Nimepiga saa kumi na moja mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Inaita tu. Wiki hii nimeletewa barua zako zote kutoka Japan, na katika kila moja unanishukuru kwa simu. Simu gani? Tangu nije huku hujanipokea hata mara moja. Unaongea na nani saa kumi, Warigia? Kama umepata mwingine mwenye jina langu, niambie.*

Chini yake mwandiko ulikuwa umelegea. Maprofesa wawili walimtaka abaki kwa shahada ya uzamivu, miaka minne zaidi, Japan miwili na China miwili. Mihuri ilikuwa tayari. Angetia sahihi Jumatatu tarehe saba. *Jumamosi tarehe tano nitapiga saa kumi na moja yenu, mara ya mwisho. Usipopokea nitajua.*

Tarehe tano ilikuwa leo.

Warigia aliketi kwenye ngazi. Mwezi wa kumi na moja alikuwa amekaa pale pale, karibu na simu ile ile, mpaka saa kumi na mbili, na Wasike wa kweli akipiga huko China inaita tu, huku chumbani kimya. Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia baridi. Kila alipoipokea ile ya saa kumi, ilimeza ya saa kumi na moja. Hangeweza kuzipata zote mbili.

Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa mezani. Daftari alilifungia kwenye droo, ufunguo wa droo akautupa nyuma ya kabati la taipu. Mikono akaikalia, yote miwili.

Ikaita.

Ilikuwa na mlio wake wa siku zote, wala hapakuwa na lolote la kishetani ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Iliita kama simu ya mtu anayekupenda. Alihesabu miito kumi na tano, kumi na sita. Mle ndani kulikuwa na Wasike wake anayemwita wangu, anayesifu kicheko chake, aliye karibu kabisa kumwuliza lile swali. Na huyu wa saa kumi na moja, ikiwa atapiga, atakuja na hasira. Mkono wa kulia ulimtoka chini ya paja bila ruhusa. Akaurudisha.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Madam Phelister, karudia mwavuli wake, ametota jasho la ngazi.

"Wewe msichana, huna masikio? Simu hiyo!"

Akanyoosha mkono. Warigia aliruka akamshika kifundo, kwa nguvu, mwalimu wa taipu akamkamata bosi wake kama mwizi.

"Usiipokee, Madam. Nakuomba."

"Kwani ni nani?"

"Ni... mtu wa zamani."

Madam Phelister alimtazama, akaitazama simu, akalegea. "Aa. Basi muache aite mpaka achoke," alisema. "Wangu aliita miaka miwili." Akachukua mwavuli akashuka.

Iliita kwa vipindi, inanyamaza, inaanza. Katikati ya miito Warigia alisikia manyunyu, mepesi, chini ya kile kitambaa cha kufuma, na simu ikiwa mahali pake. Akaanza kuimba wimbo wa kanisa, kwa sauti, vibaya. Saa kumi na nusu ikanyamaza kabisa. Kitambaa kilikuwa na unyevu alipokigusa.

Nusu saa iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko ule mwaka. Saa kumi na moja ikafika. Ikapita kwa dakika moja, mbili, nne. Alianza kulia. Dakika ya sita, simu iliita.

"Nairobi? Nairobi?" ilikuwa sauti ya mwanamke wa mitambo ya simu, kisha mikwaruzo, kisha mwanaume mwenye mafua.

"Haloo?"

"Wasike."

"Nani?"

"Kwani sauti yangu umeisahau?"

"Nimeizoea kwa kutoisikia." Alikohoa, kikohozi ambacho hakikuwa katika daftari lolote. "Unaongea na nani saa kumi, Warigia?"

"Na wewe."

"Usinichezee. Nimengoja laini tangu asubuhi."

"Na wewe wa Japan. Wasike, sikia kwanza, halafu utukane. Mbukusu na Mkikuyu tutoe uzi, ulisema lini?"

"Mwezi wa sita."

"Umesema tena mwezi wa kumi na moja, neno kwa neno. Na viwavi wakila nyuma yako."

"Mwezi wa kumi na moja hakuna jani hata moja mtini, si huku si Japan," alisema polepole. "Hakuna kiwavi anayekula."

"Mimi nimewasikia."

Hakumcheka. Warigia alimshukuru moyoni kwa hilo. Alisikia tu pumzi yake yenye mafua, nzito, ya mtu aliye hai na aliyechoka.

"Sasa nami nikuulize," alisema Warigia. "Mwezi wa nane simu ilikatika. Ulitaka kuniuliza nini?"

"Ilikatika wapi?"

"Ulisema nikirudi nataka nikuulize, ikakatika."

"Warigia, haikukatika." Sauti ilikuwa imebadilika. "Nilikuuliza kama utakubali nikuoe. Ukasema ndiyo. Ulisema mara mbili, ukacheka, ukaniambia nisimwandikie mtu mpaka nije mwenyewe kwa mama yako. Kwa nini unadhani nimeumia hivi? Nilikuwa na mchumba. Mchumba wangu akaacha kupokea simu."

Chumba kilipoa. Warigia aliangalia kiti cha wanafunzi kilichokuwa mbele yake, kitupu, na mashine ya taipu iliyofunikwa.

"Hakuwa mimi," alisema.

"Ni sauti yako."

"Hakuwa mimi, Wasike. Mimi nilikaa hapa na ukurasa mtupu mpaka jua likazama."

Laini ikawa inalia mbali, mbali kabisa.

"Sasa mimi," alisema Wasike mwishowe, "nimechumbia nani?"

Warigia alicheka. Kilimtoka tu, kicheko na machozi pamoja. "Hata mimi nashangaa nimekuwa nikipendana na nani. Uliza tena. Uniulize mimi."

"Dakika zinakwisha."

"Ndiyo uharakishe, mwanaume wewe!"

"Warigia wa Jericho, uliyeua viwavi wangu wawili. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Na hii andika wewe, mimi daftari langu nimelifungia. Na Jumatatu?"

"Jumatatu nitawaambia wazee wangu mihuri yao waihifadhi. Nikimaliza hii moja narudi. Nimeshaona watu wawili wanavyozeeka na maneno kooni." Akapiga chafya. "Mpenzi..."

Laini ikakatika, kwa kweli safari hii. Lakini alikuwa ameshasema.

Tangu hapo waliongea saa kumi na moja, na ya saa kumi Warigia hakuipokea. Iliendelea kuita kila Jumamosi ya kwanza, Februari, Machi, mpaka Agosti. Daftari halikuwa na simu ya sita ya Japan, kwa hiyo hakujua huyo wa saa kumi sasa ana lipi la kusema. Alikaa nayo chumba kimoja tu, akisahihisha mitihani, mpaka inyamaze.

Wasike alirudi mwezi wa tisa, amekonda, na shahada yenye mihuri miwili myekundu na kitambaa cha hariri ya viwavi wake mwenyewe, rangi ya samawati. Mamake Warigia alikishika kitambaa kile, akakipitisha shavuni, akasema labda Wabukusu nao si haba. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo wakapanda ngazi za chuo, Wasike akitaka kuiona meza, kiti, na hiyo simu.

Saa kumi, ikaita.

Walitazamana. "Usiipokee," alisema Warigia.

"Safari hii hakuna wa kupiga. Mimi niko hapa." Wasike alinyoosha mkono. "Acha nimjue."

Alipokea. Warigia aliona rangi ikimtoka usoni, kisha macho yakajaa huruma, yakaja juu yake na kumtazama kwa makini, kama anayelinganisha picha mbili.

"Ni nani?" Warigia alinong'ona. "Ni wewe?"

Wasike alitikisa kichwa, akafunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Ni wewe," alisema. "Unaita haloo, haloo. Unauliza mbona nimekata. Unauliza nilitaka kukuuliza nini."

Warigia alishika ukingo wa meza. Wasike akaondoa kiganja.

"Mpenzi," alimwambia yule wa ndani ya simu, kwa upole wote, "niliuliza, na ulikubali. Nimesharudi. Weka simu chini, funga ofisi, nenda nyumbani. Giza lisikukute."

Alingoja. Kisha akaurudisha mkono wa simu mahali pake, na kuufunika kwa kitambaa.

"Amesema nini?"

"Amesema asante. Amesema miguu imemuuma kwa kukaa."

Warigia alishusha pumzi, na ghafla akasikia uchovu wa mwaka mzima. Wasike alimshika kiuno. Walifunga mlango, wakashuka polepole hadi sokoni, ambako yule fundi wa akala aliwatambua kutoka mbali na kuwapigia kelele akiuliza kama wameleta katoni nyingine.

Simu ya Madam Phelister haikuita tena saa kumi.